Zile Iafoni Nilizonunua Masii

Mwaka wenyewe nitakuambia kwa chakula, maana tarehe zinanipotea lakini tumbo halisahau. Ni ule mwaka tulikula mbaazi bila mahindi. Mbaazi asubuhi, mbaazi mchana, mbaazi jioni, mpaka watoto wa huku Kola wakisikia tu harufu ya sufuria wanaanza kulia. Muthokoi, yale mahindi yetu ya kukobolewa, ulikuwa kitu cha kuota. Kama unafikiri nadanganya, uliza mtu yeyote wa huku kuhusu mwaka wa mbaazi tupu, atakuonyesha mpaka tundu alilotoboa kwenye mshipi wake. Basi kama huo mwaka ulikuwa wa kweli, na hili ninalokuambia ni la kweli, kwa sababu vyote viwili viliingia kwangu kwa mlango mmoja.

Na usingoje nikuambie ilikuwa usiku na bundi analia. Ilikuwa saa saba mchana, siku ya soko, Masii, jua linakaanga watu vichwa.

Lakini nianze na mjukuu wangu, kwa sababu ni yeye aliyepotea, ingawa yuko hapa nyuma yangu ameketi.

Anaitwa Ndunge. Mimi pia naitwa Ndunge. Kwetu Ukambani mtoto wa kike hupewa jina la nyanya yake, na akishapewa, nyinyi si watu wawili tena. Mama yake mwenyewe alikuwa akimwita "mwaitu", yaani mama yangu, mtoto ambaye hata shingo haijakaza, kwa sababu amebeba jina la mama yake. Watu wakinisalimia njiani wakiuliza, "Na Ndunge yule mdogo hajambo?" mimi huwajibu, "Ndunge ni mmoja." Nilikuwa nikisema hivyo kwa maringo. Msichana alipita mitihani yake, hakuniletea mimba, alipata kazi kiwanda cha nguo huko Mavoko. Nani hangeringa?

Mama yake, binti yangu Kavata, alikufa mtoto akiwa hajajua kukaa. Mshike huyo Kavata kichwani, nitamrudia. Alikuwa msichana wa mdomo mkali, na jino moja la mbele lilivunjika akiwa mdogo, alipoanguka na mtungi pale mtoni. Tangu siku hiyo, akitamka neno lenye s, upepo ulipita pale na kupiga mluzi. Akikasirika alipiga mluzi mpaka mbwa wakaja. Mimi ndiye peke yangu niliyebaki ninayekumbuka huo mluzi. Baba ya mtoto alienda zake kabla hata ya mazishi, na mzee wangu yuko kaburini.

Sasa, Desemba ya huo mwaka wa mbaazi, Ndunge akaja nyumbani na iafoni. Si zile za waya. Hizi ni vitu viwili vidogo vyeusi, kila kimoja kama mbegu ya nyonyo iliyoota mkia, vinalala ndani ya kikasha kinachotoshea kiganjani. Akaniambia zinazima kelele.

"Zinazimaje kelele? Kelele ni taa?"

"Ngoja, Susu," akasema, maana kwetu nyanya ni susu. "Tega sikio."

Akanivika masikioni. Nakuambia nilishtuka. Jogoo wangu alikuwa juu ya ukuta wa zizi, amefungua mdomo, shingo imenyooka, na hakuna kitu kinatoka. Jirani alikuwa akipasua kuni, shoka linashuka, kimya. Nilikuwa natafuna mbaazi za kukaanga, meno yangu yote ninayo, na nikasikia taya langu mwenyewe likisaga kama kinu cha posho. Nikasikia na moyo wangu, du, du, du, kama mtu anayepondaponda kitu nyumba ya pili.

"Sasa unalipia nini," nikamwambia, "kama zinatoa kelele za watu na kukuachia zako?"

Alicheka mpaka akashika mbavu. Akanieleza chumba chake cha Mavoko. Upande mmoja baa, upande wa pili kanisa la kukesha. Baa inafunga saa tisa usiku na kanisa ndilo linapata joto. Halafu asubuhi anaenda kukaa katikati ya cherehani mia zinazonguruma. Kabla hajapata hizo iafoni alisinzia kazini, sindano ikapita kwenye kucha. Alinionyesha kidole. Bila hizo, akasema, kazi ingemshinda.

Jumapili yake alienda misa, mimi nikabaki nipure mbaazi. Na unajua kupura mbaazi: turubai chini, fimbo juu, pa, pa, pa, siku nzima, mpaka kichwa kinakuwa ngoma. Nikaona zile iafoni mezani. Nikazichukua. Sikumwomba, kwani tangu lini naomba vitu nyumbani kwangu? Nikavaa, nikapura, raha tupu. Baadaye kichwa kikawasha chini ya kilemba, nikazitoa, nikazirudisha kwenye kikasha, kikasha nikatia mfuko wa aproni.

Jioni nikatia mkono mfukoni. Mfuko mtupu.

Nilipekua turubai. Nilipekua maganda, zizi, hata kinyesi cha mbuzi nilikivunja kwa vidole. Hakuna. Na Ndunge alitakiwa kurudi kazini baada ya siku tatu.

Hapa ndipo ningesema neno moja tu, "Nimezipoteza," na leo singekuwa nikiandika. Lakini mimi? Nimwombe msamaha mtoto niliyemfuta kamasi? Akauliza iafoni zake ziko wapi, nikamwambia nimezihifadhi zisiingie vumbi la mbaazi. Akaamini. Hakuwa na sababu ya kutoniamini.

Kesho yake nikapanda gari mpaka Machakos mjini. Maduka ya simu nikazunguka yote. Vijana wakanicheka. "Shosho, unataka kusikiza nini?" Nikamwambia aliyeuliza nataka kusikiza mama yako akilia akiona mwanawe hana adabu. Lakini za mtindo ule hawakuwa nazo. Msichana mmoja tu ndiye aliyenihurumia, akasema zinazofanana na hizo aliziona Masii siku ya soko. Siku ya soko ilikuwa kesho yake. Nikaenda.

Soko la Masii ni kelele tupu, wanaolijua wanajua. Mhubiri na kipaza sauti, kinu cha posho, mbuzi wanavutwa, akina mama wanarushiana maneno juu ya nyanya. Nikapita kote huko nikiuliza. Nikafika ule upande wa mbuzi, mwisho kabisa, na hapo nikaona mama wa umri wangu ameketi chini, ametandika gunia. Juu ya gunia kulikuwa na kioo cha kujitazamia, chemni ya taa, na kikasha kimoja cheusi.

Nikapiga hatua ya mwisho kumfikia, na soko likazimika.

Watu walikuwepo. Mhubiri nilimwona, mishipa ya shingo imetoka. Mbuzi aliyekuwa karibu nami alifungua mdomo, nikaona mpaka ulimi ukitetemeka. Kimya. Ilikuwa sawasawa na vile Ndunge aliponivika, na masikio yangu hayakuwa na kitu. Mtu mwenye akili angekimbia, si ndiyo? Mimi nilifikiria nini? Nilifikiria: kumbe hizi ni kali, zinafanya kazi hata kabla hujavaa! Niamini, hivyo ndivyo nilivyofikiria. Tamaa ya kutoaibika inamfanya mtu mjinga.

"Ndunge wa Kivaa," akasema yule mama.

Mimi nimeolewa Kola tangu nywele zikiwa nyeusi. Kivaa nilizaliwa tu. Hakuna mtu Masii anayenijua kwa Kivaa. Na Kikamba alichoongea kilikuwa kile cha zamani, cha nyanya yangu, chenye maneno ambayo sijayasikia tangu tulipomzika.

"Unanijua?"

"Najua unachotafuta. Ni za nani?"

"Ni za Ndunge."

"Ndunge yupi?"

Alinitazama. Aliuliza vizuri, bila haraka, alinipa nafasi. Na mimi nikainua kidevu, nikamjibu vile ninavyojibu kila mtu.

"Ndunge ni mmoja."

Akaitikia kwa kichwa kama mtu aliyesikia bei iliyomfaa, akaninyooshea kikasha. Nikampa hela, akazipokea bila kuzitazama. Nilipogeuka na kupiga hatua, soko likanirudia masikioni kwa nguvu hata nikapepesuka.

Ndunge hakujua tofauti. Nazo zilifanana kweli: weusi ule ule, mkia ule ule, kikasha kinajifunga kwa mlio ule ule mdogo. Alivaa, akasema, "Susu, umezisafisha? Zimekuwa nzuri zaidi." Nikasema ndiyo, nimezisafisha. Akanikumbatia. Akaenda zake Mavoko, na mimi nikalala usingizi wa mtu mwerevu.

Alikuwa akinipigia simu kila Jumapili jioni. Januari alipiga mara mbili. Februari hakupiga. Nikipiga mimi, anapokea, anasema, "Niko sawa, Susu," kwa sauti ya mtu anayezungumza huku anamsikiliza mwingine, halafu anakata.

Machi, gunia la mbaazi likafika chini. Nikatia bakuli nichote za mwisho, bakuli likagonga kitu kigumu. Kikasha. Kilikuwa kimetumbukia humo nilipokuwa napakia, kimekaa na mbaazi miezi mitatu. Nilikaa chini hapo kwenye sakafu ya stoo. Kwa nini niliogopa? Mtu akipata kilichopotea hufurahi. Mimi nilikumbuka yule mbuzi na ulimi wake.

Pasaka, Ndunge akaja na sanduku lake na godoro. Kazi imeisha. Msimamizi alimwita mara tatu, na mara ya nne akamwandikia barua. Alikuwa amekonda, lakini uso unang'aa, anatabasamu peke yake kama mtu anayetongozwa. Iafoni ziko masikioni.

Nikaweka kikasha kilichotoka guniani juu ya meza. "Toa hizo uweke hapa," nikamwambia kwa ishara. Siku hiyo bado alikuwa akikubali. Akazitoa, akaziweka kando ya zile.

Basi nikazilinganisha kama ninavyolinganisha mbegu kabla ya mvua. Kwa macho, sawa. Kwa uzito, moja kiganja hiki, nyingine kile, sawa. Nikanusa. Zile za guniani zilikuwa na harufu ya mafuta ya nywele ya Ndunge na vumbi la mbaazi. Zile za Masii hazikuwa na harufu yoyote, na mtoto amezivaa miezi mitatu, usiku na mchana, jasho na yote. Nikauliza, huwa unazichaji lini? Akasema hajawahi, hazijawahi kuisha. Za guniani zilikuwa zimekufa kama jiwe, ikabidi tuzichomeke kwenye taa ya sola.

"Susu," akasema, na macho yamejaa machozi ya furaha, "vaa hizi zangu. Nataka na wewe umsikie."

"Nimsikie nani?"

"Mama."

Nikavaa za Masii. Jogoo akazimika, shoka likazimika. Nikameza mate, nikagonga meno, hakuna. Nikatega moyo wangu. Hakuna. Unajua mtu kuweka mkono kifuani, mkono unaguswa na moyo, na sikio halipati kitu? Zile za kwanza zilikuachia kelele zako. Hizi zilichukua na zako.

Halafu ndani ya huo ukimya binti yangu akaniita. "Mwaitu." Sauti ya Kavata, niliyemzika, na simu ya Ndunge iko mezani imezimwa. Akaniita tena, akaniambia pole kwa kazi zote nilizofanya peke yangu, akasema, siku zote nasikia sala zako, mwaitu, siku zote.

Siku zote. Nasikia sala. S ngapi hizo? Na hakuna hata moja iliyopiga mluzi. Kitu hicho kilikuwa na meno yake yote.

Na pole! Kavata hakuniambia pole hata siku moja maishani mwake.

Nikazitoa, nikazitupa juu ya meza. "Huyo si mama yako."

"Ni yeye, Susu."

"Mama yako alikuwa na jino lililovunjika. Akiongea anapiga mluzi. Huyo hapigi."

Alinitazama kwa huruma, hiyo ndiyo iliyonichoma zaidi. "Susu, umezeeka. Unakumbuka vibaya."

Nikamwambia yote. Mfuko mtupu, Machakos, Masii, yule mama wa gunia. Nilimwomba msamaha, mimi, nimepiga magoti kwenye sakafu yangu. Nikamsihi avae zile zake za kweli. Akazivaa, muda wa kumeza mate tu, akakunja uso.

"Hizi ziko na kelele."

"Kelele gani?"

"Yangu. Nasikia moyo."

Akazitoa. Akachukua zile za Masii, akazirudisha masikioni polepole, akanipapasa shavu. "Asante kwa kudanganya, Susu. Umenirudishia mama."

Nikamshika mikono, nikamwambia azitoe, nitazichoma, nitamtafutia kazi nyingine, nitauza ng'ombe. Hapo ndipo aliponipa kwa mara ya kwanza lile jibu lake.

"Sitoi, Susu. Mama bado anaongea."

Katekista alikuja akaomba, Ndunge akamtabasamia. Daktari wa mjini alimpima macho na kifua, akasema ni mzima. Mimi nilijua pa kwenda. Siku nne za soko nilienda Masii na sikumwona. Siku ya tano, saa saba ile ile, nikapita upande wa mbuzi na dunia ikazimika, na yeye huyo, na kioo chake na chemni yake.

"Nirudishie mtoto."

"Nilikupa kitu cha Ndunge. Ndunge anacho."

"Nilikosea. Ndunge ni wawili!"

"Siku ile walikuwa wangapi?"

Nikamwambia basi, kama ni Ndunge unamtaka, mimi ndiye mwenye jina, yule alipewa tu. Nichukue mimi. Mimi nimekula chumvi ya kutosha.

Wala hakunicheka. Afadhali angenicheka. "Ulisema ni mmoja," akasema. "Mmoja nimeshapata. Wa pili nitamtoa wapi?"

Kelele ikarudi, mhubiri, kinu, na mama mmoja ananivuta kanga. "Mama, sogea! Unakanyaga vifaranga vyangu!" Nilikuwa nimesimama katikati ya kikapu chake cha vifaranga.

Nilijaribu jambo moja la mwisho. Alasiri moja Ndunge alilala kwenye mkeka kivulini. Nikainama, nikazitoa zile iafoni. Zilitoka bila shida, kama mbaazi iliyochemka inavyotoka kwenye ganda. Nikazivaa mimi. Nilisema, kama ni lazima ziwe na Ndunge, Ndunge ni huyu. Nikangoja. Nikasikia jogoo. Nikasikia shoka la jirani. Safari hii, kwangu zilikuwa plastiki tu.

Halafu nikamtazama mtoto. Kifua hakipandi. Midomo imekuwa ya majivu. Nilimpiga mgongo, nilimmwagia maji, nikaita jina letu, nikaliita tena, hakuna. Sasa niambie wewe unayesoma, ungefanya nini? Kaburi la mama yake liko hatua ishirini kutoka hapo. Nilizirudisha. Mikono hii hii. Nikamvika moja, nikamvika ya pili, na akavuta pumzi na kutabasamu.

Tumevuna mara tatu tangu siku hiyo. Mahindi yamerudi, muthokoi upo, nampikia na namlisha kwa kijiko. Ana miaka ishirini na saba, na nywele za mbele zimekuwa nyeupe kama zangu. Wakati mwingine anacheka na kumjibu yule wa ndani, maneno ya mtoto mdogo. Watu hawaniulizi tena Ndunge mdogo hajambo. Zile zake za kweli nazichaji kila jioni kwenye taa ya sola, ziko tayari. Mara nyingine navaa mimi, natafuna, nasikia taya langu na moyo wangu, du, du, na hakuna mtu wa kunicheka.

Kwa hiyo nakuambia, wewe mwenye mjukuu. Ukipoteza kitu chake, sema umekipoteza. Ukifika mahali sokoni na kelele ikakatika, usikae kuuliza bei. Na ukiulizwa kitu ni cha nani, taja mtu mmoja, jina la baba yake, jina la kijiji, mpaka mwenye kuuliza achoke. Usiringe na jina. Mimi niliringa, na sitaona mwisho wake, maana nikifa mimi sijui ni nani atamshikia kijiko.

Leo jioni nitafanya kama jana. Nitaketi kando yake na kikasha mkononi, nitamgusa goti, nitamwonyesha masikio, nitamwomba. Ananijibu kila mara, hilo siwezi kulalamika. Ananijibu kwa upole, neno kwa neno:

"Sitoi, Susu. Mama bado anaongea."